Swali Si Tusi

Hadi Uingereza ilipofunga viza hiyo mwaka 2025, kijana wa Kenya aliyetaka kwenda huko kutunza wazee hakupewa viza mpaka aonyeshe cheti cha tabia njema. Alilipa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, akaenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole, kisha akasubiri DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wapekue kumbukumbu zao. Kama katika miaka 10 iliyotangulia aliwahi kuishi nchi nyingine kwa mwaka mmoja au zaidi, cheti cha huko nacho kilitakiwa. Alipofika, Waingereza walimchunguza tena kwa utaratibu wao. Sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba ametukanwa. Cheti kilipotoka kilipigwa picha, kikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na watu wakaanza kuchanga nauli kwa furaha.

Nimelitafakari sana jambo hili tangu mama yangu apatwe na kiharusi. Mwana wetu alipothibitishwa kwamba anafaa kumwogesha bibi wa Kizungu, tuliona fahari. Lakini katika nyumba zile zile, mama mzazi asiyeweza kunyanyua mkono, au mtoto ambaye bado hajajua kusema, hukabidhiwa mtu tunayemjua kwa jina moja na namba ya simu. Wazee wa watu wana wa kuwaulizia. Wa kwetu je?

Tulipotafuta mtu wa kumsaidia mama, jirani alituletea mwanamke wa makamo, mpole, anayeijua kazi. Nikasema nitamwomba cheti, pamoja na namba za watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi. Shangazi yangu hakupendezwa. "Mwanangu, huyu kaletwa na watu," akaniambia. "Ukimdai karatasi za polisi utakuwa umemwita mwizi." Nilimwelewa. Shangazi amekulia katika mtaa ambao dhamana ya mtu ilikuwa jina la babake na nyumba aliyotoka. Ukikosea, habari zilifika kwenu kabla hujafika mwenyewe. Siku hizi mlezi ametoka kaunti nyingine, ameshafanya kazi miji kadhaa, na aliyemleta naye alielekezwa na mtu mwingine. Dhamana ile imeondoka, nasi bado tunaitegemea.

Yule mwanamke nilipomweleza hakununa. Alisema cheti chake ni cha zamani, na kukitoa upya ni gharama. Tukakubaliana kwamba gharama ni yetu, kwa kuwa uhakika tunaoutafuta ni wetu. Kisha akasema, "Na mimi nina ya kuuliza." Akauliza atalala wapi, na kama mlango wa chumba hicho hufungwa kwa ndani. Akauliza ni wanaume gani wanaoingia nyumba hii, na saa ngapi. Akauliza kama kuna aliyemtangulia kazini, na aliondoka kwa sababu gani. Heshima yangu kwake ikazidi. Wafanyakazi wengi wa nyumbani wameumizwa ndani ya nyumba za watu wenye majina makubwa mtaani, na yeye alikuwa akijilinda kwa njia ile ile niliyokuwa nikimlindia mama. Tangu hapo sikubali kwamba kuuliza huvunja udugu. Sisi wawili tulianza kuaminiana pale tulipoulizana.

Tunao msemo wa ukarimu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni tunu yetu na sitaki tuitupe. Ila kuna wageni ambao wenyeji hawakupona. Mwaka 1996, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mtu aitwaye Gregory Dow alikiri kosa la kumshambulia mtu kwa nia ya kumdhulumu kingono. Alipewa kifungo cha nje cha miaka 2 na kuamriwa aandikishwe kuwa mkosaji wa ngono kwa miaka 10. Mwaka 2008, yeye na mkewe walifungua makao ya watoto karibu na Boito, Kaunti ya Bomet. Alikuja kwa jina la umisionari, na michango ilitoka kwa makanisa ya kwao. Makao yale yalidumu karibu muongo mmoja. Tuhuma zilipofumuka mwaka 2017, alitorokea Marekani. Mwanamke Mkenya mwenye asili ya eneo lile, aliyekuwa akiishi Marekani, aliivalia njuga habari hiyo mpaka ikafika kwa wapelelezi. Mwaka 2020 Dow alikiri makosa dhidi ya wasichana waliokuwa chini ya ulezi wake, na Februari 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8.

Kinachoniuma zaidi katika habari hii ni kwamba hukumu ya 1996 haikuwa siri. Ilikuwa katika kumbukumbu za mahakama muda wote ambao watoto wale walikuwa wakimwita baba. Alama zake za vidole zingepelekwa DCI, Nairobi, zisingesema kitu, kwa kuwa kosa lilikuwa la kwao. Swali lilihitaji kuvuka bahari. Na swali la kuvuka bahari halitoki kwa wenyeji ambao mgeni amewajia na chakula, karo na Biblia. Mkono unaopokea ni mzito kuuliza. Umaskini wetu humpa mfadhili kinga ambayo mwalimu wa kijijini haipati, na watu wa aina ile hutafuta mahali penye kinga kama hiyo.

Tangu mwaka 2017 serikali ya Kenya imesimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka 2022 ikatangaza mkakati wa miaka 10 wa kuwarejesha watoto katika familia. Nauunga mkono. Hata hivyo, nyumbani nako kuna anayeingia na kutoka. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi anayemuumiza mtoto ni mtu anayejuana naye, awe mjomba, mwalimu wa tuisheni, dereva wa basi la shule, ustadhi au kiongozi wa vijana kanisani. Ndiyo maana swali linafaa kuwa la wote. Likiulizwa wachache kwa sababu sura zao hazikutupendeza, hapo limekuwa tusi kweli. Likiulizwa kila mtu, halimwonei yeyote.

Nahudumu katika kamati ya chekechea ya mtaani kwetu. Tulipoamua kwamba kila atakayefanya kazi na watoto alete cheti, kuanzia mwalimu hadi mpishi na bawabu, palitokea manung'uniko. Mwenyekiti wetu, mzee anayeheshimiwa na mtaa mzima, alinyamaza mpaka kila mtu akamaliza. Kikao kilichofuata alikuja na cheti chake mwenyewe, akakiweka mezani mbele ya walimu. Manung'uniko yakaisha. Mkubwa akitangulia kuulizwa, mdogo haoni amedhalilishwa.

Lakini cheti kina mipaka, na msiba uliowafundisha Waingereza hilo ulikuwa mkubwa. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10, Holly Wells na Jessica Chapman, waliuawa na Ian Huntley, mtunzaji wa majengo katika shule ya sekondari ya mji huo. Alipoajiriwa mwaka 2001, jina lake lilipelekwa polisi likarudi safi. Kati ya 1995 na 1999, polisi wa eneo jingine, Humberside, walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa za ngono dhidi yake. Hakuna iliyofikia hukumu, na hakuna aliyezipanga pamoja akaona picha nzima. Isitoshe, alikuwa akitumia jina la pili, Nixon, na upekuzi ulifanywa kwa jina hilo pekee. Sir Michael Bichard aliongoza uchunguzi, akatoa ripoti mwaka 2004. Ikazaa sheria ya mwaka 2006 iliyoweka orodha za watu waliopigwa marufuku kufanya kazi na watoto au na watu wazima wasioweza kujilinda. Tangu mwaka 2012 kazi hiyo iko chini ya chombo kimoja kiitwacho DBS. Aliyepigwa marufuku akiomba kazi kama hiyo ni kosa la jinai, na mwajiri anayemchukua huku akijua naye ana kosa.

Nikisoma habari za Soham naona watu waliokuwa na vipande vya ukweli, kila mmoja na chake. Na hapo nalazimika kututazama sisi. Msichana wa shule akiharibiwa, mara ngapi wazee hukaa kitako, pakatajwa ng'ombe au fedha, pakasemwa tusiuaibishe ukoo, na jambo likaishia hapo? Kaskazini mashariki mwa Kenya utaratibu huo una jina lake, maslaha, na kwingineko upo bila jina. Mtu ambaye kesi yake ilimalizwa hivyo akienda kuomba cheti cha tabia njema atakipata, kwa kuwa DCI hawana cha kupekua. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inataka pawe na sajili ya waliohukumiwa, na sajili hiyo itawajua wale tu ambao kuna mtu alikubali kuwashtaki. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Sisi tunauficha, kisha tunashangaa karatasi ikitudanganya.

Tume ya Walimu, TSC, ililiona hilo. Waraka wake namba 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu mwenye habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono azitoe ndani ya saa 24, na anayeficha naye huchukuliwa hatua. Walimu wanaofutwa katika sajili huchapishwa majina. Naupenda waraka huo kwa sababu unamtazama aliyenyamaza pia. Zamani mwalimu aliyemdhulumu mwanafunzi alihamishwa tu, akaenda kuanza upya kwa watoto wa watu wengine. Kumhamisha mtu ni kumtoa mtoto wako hatarini na kumwingiza wa mwenzako.

Haki nayo ina pande mbili. Kijana aliyewahi kufungwa kwa kupika chang'aa kwa sababu ya njaa asizuiwe kumlisha mgonjwa maisha yake yote. Jina lililotiwa doa kwa uvumi lina haki ya kusikilizwa. Cheti chenye alama kinapofika mbele ya kamati yetu, tunauliza kosa lilikuwa nini, lini, na linahusiana vipi na kazi hii, kisha tunamwita mwenyewe aseme. Wizi wa kuku ujanani hupimwa tofauti na kumgusa mtoto. La pili halina mizani: huyo hakai na watoto, hata akitubu kwa machozi. Toba yake ni kati yake na Mola wake, na kazi nyingine zipo.

Baada ya cheti kuna mambo ambayo hayagharimu shilingi. Mtoto asifungiwe na mtu mzima mmoja katika chumba kisichoonekana kutoka nje. Mgonjwa anayeogeshwa atembelewe na ndugu bila taarifa, na aulizwe hali yake pale mlezi hayupo. Mama yangu husema kwa shida tangu augue, lakini macho yake yanasema, na tumejifunza kukaa naye kwa muda wa kutosha ili tuyasome. Watoto wajue namba 116, ya bure, inayopokea habari za mtoto aliye hatarini. Zaidi ya yote, mtoto akisema hataki kwenda kwa fulani, tuache tunalolifanya tumsikilize. Tumewafunza watoto adabu ya kuwasalimu wakubwa na kuwatii, na ni vyema. Tuwafunze pia kwamba adabu hiyo haimpi mkubwa ruhusa ya kila kitu.

Zile namba mbili alizonipa msaidizi wa mama nilizipigia. Wa kwanza alimsifu kwa maneno mawili akataka kukata simu. Wa pili, mama mmoja wa Malindi, alisema, "Keti, nikueleze." Akanieleza alivyofanya kazi, alivyokuwa akichelewa kurudi kutoka likizo, alivyomuuguza mume wa mama huyo mpaka mwisho, na siku alipokataa kumpa mgonjwa dawa ambayo daktari hakuiandika. Mema na mapungufu, yote aliyasema. Maneno ya mama yule yalinipa uhakika ambao cheti peke yake hakingenipa, kwa kuwa cheti husema tu kwamba mtu hajaandikwa katika kumbukumbu za DCI.

Basi nasi tuwe watu wa kusema, "Keti, nikueleze." Siku simu itakapolia na mtu usiyemjua akakuuliza habari za aliyewahi kukufanyia kazi, usimsifu ili uwahi kukata, wala usinyamaze kwa kuona kwamba si mtoto wako atakayelelewa. Kama ni mwema, sema wema wake kwa kirefu, maana huenda ndiyo dhamana pekee aliyo nayo. Kama alimuumiza mtu, sema ulichokiona, usiongeze wala kupunguza, na umweleze anayeuliza mahali palipo na taarifa. Na kama hukuripoti wakati ule, ripoti leo. Mtu huyo anakwenda kuingia nyumba ya pili, na watu wa nyumba hiyo wamejaribu kufanya wajibu wao: wameuliza.