Nyumba ya Samaki ya London

Ukibahatika kufika London, usitosheke na picha za Mto Thames. Elekea Regent's Park, kwenye bustani ya wanyama. Hapo ndipo ilipofunguliwa Nyumba ya Samaki mwezi Mei 1853, na kwa mara ya kwanza duniani umma ukaweza kulipa kiingilio na kuwatazama viumbe wa baharini wakiwa hai nyuma ya kioo. Usilitafute jengo lenyewe, halipo tena. Hata lile lililofuata mwaka 1924 lilifungwa 2019.

Huenda ukauliza, kwani kumweka samaki majini kuna ugumu gani? Wachina walifuga samaki wa dhahabu karne nyingi kabla. Naam, lakini vidimbwini, wakiwatazama mgongo tu. Katika chombo kidogo samaki humaliza hewa na kufa. Mwaka 1846, bibi mmoja wa London, Anna Thynne, alihifadhi matumbawe hai nyumbani kwake. Kila siku, kwa nusu saa au zaidi, mjakazi wake aliyamimina maji kutoka chombo hadi chombo ili yapate hewa. Mjakazi ndiye aliyekuwa mashine!

Mwanakemia Robert Warington akampumzisha mjakazi. Karibu na mwaka 1850 aliweka pamoja samaki, majani ya majini na konokono: majani yakatoa hewa safi, konokono wakala yaliyooza. Isitoshe, kodi ya vioo ilikuwa imefutwa mwaka 1845, kwa hiyo tangi halikuwa tena la matajiri peke yao.

Kisha akaja Philip Henry Gosse, aliyewapelekea watu wa Regent's Park viumbe kutoka pwani. Mwaka 1854 alichapisha kitabu, *The Aquarium*, na Uingereza nzima ikaingiwa na wazimu. Familia zilishuka pwani ya Devon na ndoo na patasi, zikabandua miambani kila kilichokuwa hai. Wengi wa viumbe hao walifia sebuleni.

Mwanawe, Edmund, aliandika kwa uchungu mwaka 1907 kwamba madimbwi ya miambani aliyoyajua utotoni akiwa na babake yalikuwa yameharibiwa, na kwamba babake mwenyewe, bila kukusudia, ndiye aliyewaonyesha watu njia.

Nasi hatuko mbali na habari hii. Wapiga mbizi wa pwani yetu huvua samaki wa mapambo kwenye matumbawe, wakasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Ukimwona mmoja katika tangi la hoteli, muulize mwenyewe alitolewa wapi.