Redio ya Taifa katika Vilima vya Daa

Katika nchi ya Daa na Karatu, Mwiraqw, Mdatoga na Mhadzabe ni majirani wa tangu zamani. Na kule Ngorongoro yuko Mmasai. Lugha zao hazina asili moja: Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatoga na Kimasai ni vya Kinailoti, na Kihadza hakijulikani ndugu yake. Kwa miaka mingi baraza lililowakutanisha lilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Chombo hicho kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 kikawa idara ya Serikali. Mwaka 1973 kilitangaza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi nchini kote, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Asiyekuwa na redio alikwenda kwa mwenye nayo. Betri zilizochoka zilianikwa juani, ili zipate nguvu ya kufikisha taarifa ya habari mwisho.

Lakini hapakuwa na jambo lililotunyamazisha kama matangazo ya vifo. Barua ilichukua majuma. Redio iliweza kumfikia siku ile ile kijana wa Karatu aliyekuwa kibarua katika mkonge wa Tanga. Nasi, kwa upande wetu, tulisikia misiba ya Newala na Bukoba, tukayajua majina ya vijiji ambavyo hatutavikanyaga, tukasema, "Poleni." Hiyo nayo ilikuwa elimu ya uraia, wala haikuwa na mwalimu.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Vikafuata vituo vingi vya FM, kisha simu za mkononi. Jina la Radio Tanzania Dar es Salaam likaondoka. TBC, iliyoundwa mwaka 2007, ikairithi kazi yake, na wasikilizaji wakatawanyika. Hatuwalaumu. Uhuru wa kuchagua ni neema, na hapana mtu atakayengoja saa mbili usiku apate habari aliyo nayo mfukoni tangu asubuhi.

Hata hivyo, twaona kuna kitu kilichopungua. Leo msiba wa Daa hujulikana Dar es Salaam kwa dakika moja, lakini hujulikana kwa jamaa wa marehemu tu. Simu humtafuta ndugu. Redio ilimpata hata asiyekuwa ndugu. Kwa hiyo twaomba vituo vya leo, vikubwa kwa vidogo, visiyaone matangazo hayo kuwa mambo ya kizamani, bali viyape saa maalumu na vipokezane kutoka mkoa hadi mkoa. Taifa huwa taifa pale watu wasiojuana wanapopeana pole, na pole haitolewi kwa msiba usiosikika.