Dizeli Kutoka Korogwe

Mjukuu wa dada yangu ameniuliza jenereta ya kijijini kwetu, Handeni, tulikuwa tukiichaji wapi. Yuko sekondari, ana akili, na hajawahi kunusa dizeli.

Mashine ile ililetwa na lori kutoka Korogwe mwaka 1979. Kaka anashikilia kuwa ni 1981, kwa sababu vijana walikuwa wamekwisha kurudi kutoka Uganda. Basi na iwe hivyo. Ilikuwa Lister, injini ya Kiingereza ya mwendo wa taratibu, imefungwa kwa nati kwenye zege nyuma ya duka. Mchana mkanda wake ulizungusha kinu cha mahindi. Jua likizama, mwenye duka aliuhamishia kwenye dainamo, taa zikawaka dukani, msikitini na kwa mkunga.

Mzee yule wa Kizigua alinukia dizeli, pumba na sabuni ya kipande. Pipa likifika, siku hiyo haliguswi. Lililala limesimama ili maji na takataka vizame. Asubuhi aliyafyonza mafuta ya juu kwa mpira, akayachuja kwa kitambaa. "Maji ndiyo yanayoua mashine," alituambia. Hakupiga hendeli kabla ya kupima oili. Bomba la moshi alilitokeza nje ya ukuta, na hakuruhusu mtu kulala bandani, kwani moshi wa injini humuua mtu usingizini. Sisi watoto tulimshikia tochi, tukajifunza.

Bado inaniuma. Kituo cha Hale, palepale wilayani Korogwe, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, megawati 21, nyaya zikaelekea Tanga na Dar es Salaam. Sisi majirani tukabaki kuviringisha mapipa.

Kisha vikaja vijenereta vya petroli vya mabanda ya video na kuchajia simu, zikaja sola, na hatimaye nguzo za REA, wakala wa nishati vijijini ulioanza kazi 2007. Nazishukuru nguzo hizo kwa moyo wote. Mama hajifungui tena kwa kibatari. Lakini umeme ukikatika, utakuta jenereta imefunikwa turubai, petroli imegandia kwenye kabureta, na hakuna kijana anayejua kuifungua.

Fundi huanza kwa kushikishwa spana. Shule za Handeni na Korogwe ziwape watoto injini moja kuukuu, waifungue na kuifunga mpaka iwake.