NGOZI YETU (6): Seli zinapoachiana mikono

Leo najibu swali mnaloniuliza sana: "Sista, kidonda kidogo tu sikioni, kinafikaje mpaka kwenye mtoki wa shingoni?" Twende taratibu.

Seli za tabaka la juu la ngozi zimekaa zimeshikana. Kila seli ina protini zinazotokeza nje na kukamatana na za jirani, kama watu walioshikana mikono. Iliyo muhimu zaidi inaitwa E-kadherini, na bila kalsiamu haishiki. Si uimara tu: seli iliyoshikwa vizuri na jirani zake hutulia, haizaani hovyo.

Sasa jua. Mionzi yake inaharibu vinasaba vya seli. Melanini ndiyo mwavuli wetu, na mwenye ualbino hana mwavuli huo, au anao kidogo sana. Na msidanganyike na ubaridi wa Kibondo na Kasulu. Huku tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo mionzi inavyozidi, hata kama husikii joto.

Seli iliyoharibika inaanza kuzaana. Mwanzoni bado imeshikana na wenzake, uvimbe unakaa palepale. Baadaye, mara nyingi, E-kadherini inapungua. Mikono inaachia. Seli zinapenya chini, zinaingia kwenye njia za limfu, zinafika kwenye mitoki. Melanoma, ambayo kwetu watu weusi hupenda kuanzia kwenye unyayo, ina ujanja zaidi: inaacha E-kadherini na kuvaa N-kadherini, halafu inashikana na seli za chini ya ngozi na za mishipa ya damu. Yaani inahama ukoo kabisa!

Nimewahudumia watu wawili, wote wenye ualbino. Wa kwanza, mkulima wa maharage wa Kibondo, alikaa na kidonda nyuma ya sikio misimu miwili ya kilimo. Nyumbani walikiita kidonda ndugu, wakakipaka dawa za miti. Alipofika kwetu, mtoki wa shingoni ulikuwa mgumu kama jiwe. Tulimpa rufaa, akaenda, lakini hakurudi mzima. Aliacha watoto wanne.

Wa pili ni mama wa Kasulu. Alikuja na kigaga kwenye mdomo wa chini, hakijafikisha hata miezi miwili. Kikakatwa, kikapelekwa maabara: saratani ileile. Leo anauza dagaa sokoni, chini ya mwavuli mkubwa, na akiniona ananiongezea kipimo.

Ugonjwa mmoja, ngozi ya aina moja. Huyu mama alifika seli zikiwa bado zimeshikana. Basi.

Kwa hiyo: kidonda, kigaga au kinyama kisichopona wiki 4, nenda kituo cha afya. Doa jeusi la unyayoni linalokua, nenda. Wenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua. Yapo ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, pale KCMC. Watoto wa Kabanga, wakumbusheni kila asubuhi, hata siku ya mawingu.

Una jirani mwenye kidonda cha muda mrefu? Usim-tag tu. Kesho mshike mkono, mpeleke.

Sehemu ya 7: nyayo zetu.