Jina Alilopewa Akiwa Mdogo

Huku kambini mtoto akipewa jina la kumcheka, anakua nalo. Mjini mzazi angeweza kumhamisha shule. Hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, utamhamishia wapi? Waliomcheka darasani ndio atawakuta bombani na dumu zao, ndio atapanga nao foleni ya mgao, na Jumapili ndio ataimba nao kwaya.

Nasema habari za kijana mmoja wa kikundi chetu bila kumtaja. Alifika kutoka Kivu Kusini akiwa na miaka minane, na usiku alikuwa akikojoa kitandani. Hali hiyo huwapata watoto wengi waliokimbia vita. Ni hofu, si uvivu. Mama yake akaanika godoro nje, watoto wa jirani wakaliona, na kesho yake shuleni akawa "Kikojozi". Alipofika miaka kumi alikuwa ameshaacha kukojoa. Jina ndilo halikumwacha.

Leo ana miaka kumi na sita. Darasani hanyooshi mkono hata kama jibu analo. Maji anangoja foleni iishe ndipo aende. Mpira anaupenda sana, lakini alikuwa hachezi, maana akikosea pasi moja tu, uwanja mzima unamzomea kwa jina lile. Wakubwa wanasema ana kiburi. Wengine wanasema, "Ah, ni utani wa watoto, atazoea." Kweli amezoea: amezoea kujificha.

Jina la namna hii haliishi kwa mdomo wa mtu mmoja. Linaishi kwa wanaocheka. Kule Finland, Chuo Kikuu cha Turku kilitengeneza programu ya shule inayoitwa KiVa. Haishughuliki na mchokozi peke yake, inafundisha darasa zima, hasa wale wanaosimama kutazama.

Ndugu zetu wa mashirika, msimuulize kijana mbele ya wenzake kama anaonewa. Atasema hapana. Kaeni naye pembeni, tena zaidi ya mara moja.

Kwetu sisi kuna sheria moja: kila mtu anaitwa jina alilolitaja mwenyewe siku ya kwanza. Wiki iliyopita kijana yule alikubali kukaa golini. Alifungwa mawili. Wenzake wakamwita kwa jina lake, wakamwambia, "Toka kidogo mbele, usingoje mpira ukufuate."