Uzazi haukumtoa mchezoni

Ikiwa umri wako unaruhusu, bila shaka unaikumbuka Februari ya 1998, Philip Boit alipokwenda Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kuteleza thelujini, naye mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja amalize ili ampongeze. Habari hiyo bado inasimuliwa hapa kwetu. Isiyosimuliwa ni ya mama mmoja wa Kanada ambaye, siku tatu baadaye katika michezo iyo hiyo, alitwaa dhahabu huku ana mtoto wa miezi mitano.

Mama huyo ni Sandra Schmirler, aliyezaliwa 1963 katika mji mdogo wa Biggar, mkoani Saskatchewan. Mchezo wake huitwa kalingi, na nakuomba usicheke nikikueleza unavyochezwa. Wachezaji wanne hupokezana kusukuma mawe ya matale, kila moja lina uzito wa karibu kilo 20, yateleze juu ya barafu hadi kwenye duara lililo mwisho wa uwanja wa mita 45 hivi. Jiwe likishaachiliwa, wenzake wawili hulitangulia mbio wakifagia barafu kwa burashi. Kusugua huko huipasha barafu joto kidogo, jiwe likaenda mbali zaidi na kwa njia iliyonyooka. Mimi mwenyewe nilipoona picha zake mara ya kwanza nilidhani ni akina mama wanaodeki ukumbi! Kumbe ni mchezo wa akili kama bao, kwani nahodha hupanga jiwe la sasa akifikiria la mwisho.

Schmirler alikuwa nahodha. Pamoja na Jan Betker, Joan McCusker na Marcia Gudereit, alishinda ubingwa wa Kanada na wa dunia mwaka 1993, 1994 na 1997. Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika kituo cha michezo na burudani mjini Regina.

Sasa nifike pale paliponigusa. Septemba 1997 alijifungua binti yake wa kwanza. Novemba mwaka huo huo alikuwa Brandon, Manitoba, akiwania nafasi ya kwenda Nagano. Katika fainali, jiwe la mpinzani lilikuwa limekaa katikati ya duara, limekingwa kabisa. Schmirler alilenga jiwe lake jingine lililosahaulika pembeni, akaligonga, jiwe alilorusha likageuka, likaingia katikati na kumng'oa mpinzani. Alama tatu kwa mpigo mmoja! Huko Japani waliwashinda Wadenmarki 7-5, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza medali rasmi za kalingi ya wanawake kutolewa katika Olimpiki.

Nilipojifungua kifungua mimba wangu nilikuwa mlinda goli wa netiboli katika timu ya mtaa. Niliporejea uwanjani baada ya miezi minne, kocha aliniambia, tena kwa upole, "Mama, sasa wewe lea." Nilikubali. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Naam, Schmirler alikuwa na mume, mshahara na hospitali nzuri, wala sisemi maisha yake ni kama yetu. Lakini miezi miwili na nusu, msomaji! Mimi wakati huo nilikuwa bado nachemsha uji wa uzazi.

Mwaka 1999 alimzaa binti wa pili, na miezi michache baadaye madaktari wakagundua ana saratani. Februari 2000, akiwa mgonjwa, alikwenda Moncton kutangaza mashindano ya vijana katika televisheni. Alifariki Machi 2, akiwa na miaka 36. Mazishi yake yalirushwa moja kwa moja katika televisheni, na huko Saskatoon, wanaume waliokuwa wakishindania ubingwa wa taifa wakachelewesha michezo yao. Mwaka uliofuata ukaundwa wakfu kwa jina lake, ambao hadi leo huzisaidia hospitali kununua vifaa vya kuwatunza watoto wachanga mahututi.

Mwezi ujao nafikisha miaka 36. Raba zangu bado ziko chini ya kitanda, na Jumamosi nitapita pale uwanjani kumuuliza kocha kama goli lina mtu.