Sitini na Nne

Chamani kwetu tuko wa aina mbili. Wako waliokuja na Kiswahili chao kutoka Unguja, Mombasa au Bujumbura, na tuko sisi tuliozaliwa huku Uingereza, tuliokiokota jikoni na kwenye simu za bibi. Tukifungua mdomo tunasahihishwa lafudhi. Ndiyo maana tulipoanza kujifunza ushairi tulishika kwanza kile ambacho hakuna awezaye kutubishia: hesabu.

Ubeti wa shairi tuliofundishwa una mishororo 4. Kila mshororo una mizani 16, umekatwa katikati kuwa vipande viwili vya mizani 8. Jumla, mizani 64. Na bao lililomo chumbani mwa chama lina mashimo 32 na kete 64. Sadfa, wakasema wenzetu. Huenda, lakini namba yenyewe si ya kupita hivi hivi.

Ikate nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mara sita, bila kubakiza kitu. Tena, ukiiacha 1, ndiyo namba ndogo kuliko zote iliyo mraba na mchemraba kwa pamoja: 8 mara 8, na pia 4 mara 4 mara 4. Inayofuata ni 729. Tuliijenga mezani kwa vibonge vya sukari, kwanza sanduku, kisha tukavitandaza vikawa mraba, hakikubaki hata kibonge kimoja. (Chai ilipoa.)

Sasa tazama jozi zake. 4 mara 16 ni mishororo na mizani yake. 8 mara 8 ni vipande vinane vya ubeti. 2 mara 32 ni wachezaji wawili wa bao na kete zao. Au, katika bao la kujifunza, kete 2 kwa kila shimo. Mchemraba ndio hatujauona ndani ya ubeti, na tumeutafuta.

Hatusemi kwamba ushairi ni hesabu. Mishororo ya Al-Inkishafi ni ya mizani 10, na Kezilahabi katika Kichomi, mwaka 1974, aliweka kando vina na mizani. Ila kwetu kuhesabu kulikuwa mlango. Huwezi kupata 16 mpaka usikie kwamba "mtu" ni mizani mbili, m-tu, na "nchi" vilevile, n-chi. Sauti hizo tulikuwa tukizimeza. Vidole ndivyo vilivyotufundisha kuzitamka, wala hakuna aliyetucheka. Hata jina la namba hii, si-ti-ni-na-n-ne, lina mizani sita, sawa na zile mbili sita zinazozidishana kuizaa. Hiyo ni sadfa kweli, lakini tunaipenda.

Jumlisha namba zote ndogo zinazoigawa: 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Unapata 63. Ukifanya hivyo kwa 6 au 28, jumla hurudi kuwa namba ileile. 64 hupungukiwa na 1 tu. Muhula uliopita bao letu nalo lilipungukiwa na 1. Namba 63 ni witiri: huyu ana kete 32, yule 31, mchezo hauanzi. Kete zetu ni komwe, na mkomwe hauoti kwenye baridi hii. Tukatia kifungo cha koti. Wenzetu wa Unguja walikitazama, wakakipima kiganjani, kisha wakaanza kunamua.